Wati Pekee Hazipandishi Mlima
Wanunuzi wengi wa baiskeli za umeme hapa Dodoma huanza kwa kuuliza mota ina wati ngapi, wakiamini kwamba yenye 500 lazima itaishinda yenye 250 mlimani. Si lazima. Kumpandisha mtu pamoja na baiskeli yake, jumla ya kilo 100, kwenye mwinuko wa asilimia 8 kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, huhitaji takribani wati 260 kabla ya kuhesabu upepo na msuguano, na sehemu ya hizo hutoka miguuni mwa mwendeshaji mwenyewe.

Kinachoamua zaidi ni mahali mota ilipofungwa. Mota ya kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, hufuata mwendo wa gurudumu, kwa hiyo baiskeli ikipunguza kasi nayo hupunguza, na umeme mwingi hugeuka joto badala ya kusukuma. Anayepanda nayo taratibu hadi Chuo Kikuu cha Dodoma, kule kwenye vilima vya Chimwaga, aiguse habu akifika, ataondoa mkono upesi. Mota ya katikati, penye pedali, husukuma kupitia mnyororo, hivyo ukiweka gia nyepesi huendelea kuzunguka kwa kasi inayoifaa. Hula mnyororo na sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo) haraka zaidi, jambo ambalo wauzaji hawana haraka ya kulisema.

Kwa safari za tambarare, tuseme kutoka Makole hadi sokoni Majengo, habu inatosha kabisa, na fedha inayookolewa ni afadhali iongezwe kwenye betri, ambayo kiasi cha umeme inachohifadhi hupatikana kwa kuzidisha: volti 36 mara ampea-saa 14 ni wati-saa 504.