Gesi ya Mtungi Hushuka: Fundi wa Mwanza Aanzie Chini

Mafundi wawili wanaweza kuwa na cheti cha aina moja cha kazi za gesi. Mmoja akafanya kazi Dar es Salaam miaka mingi bila tatizo, mwenzake akaja Igogo, hapa Mwanza, na ujuzi uleule akaunguza nyumba. Huyu wa pili alisoma vizuri tu, ila alisomea gesi inayopanda, akaja kufanya kazi na gesi inayoshuka.

Gesi asilia ya Songo Songo ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likafuata mwaka 2015. Gesi hiyo karibu yote ni metheni, ambayo uzito wake ni kama nusu ya uzito wa hewa. Ikivuja hupanda kwenye dari na kutokea madirisha ya juu. Bomba hilo halijafika Mwanza. Huku kwetu anayesema gesi anamaanisha ya mtungi: propeni na buteni zilizoshindiliwa mpaka zikawa kimiminika. Propeni ina uzito wa mara moja na nusu ya hewa, buteni mara mbili. Zikivuja humwagika sakafuni, hutafuta upenyo chini ya mlango, hufuata ngazi na mitaro, na hutua kwenye shimo la kwanza zitakalolikuta. Kwa hiyo fundi anayefundishwa kazi hii afundishwe kwanza kufikiri kama mtu anayefuatilia maji yaliyomwagika.

Tupige hesabu. Metheni huwaka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Propeni huanza kwenye asilimia 2 tu na kuishia karibu 9.5. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha mita tatu, kina mita za ujazo 27. Kukijaza chote mpaka kiwango cha kuwaka kunahitaji karibu kilo 1 ya gesi. Lakini gesi hii haijazi chumba chote, hujitandaza chini. Tabaka linalofika magotini katika chumba hichohicho linahitaji gramu 200 hivi, na hizo ni gesi ambayo mwenye nyumba hataona hata kwenye uzito wa mtungi wake. Anasimama, kichwa kiko kwenye hewa safi, miguu imo ndani ya moto unaosubiri kiberiti.

Pua nayo ina mipaka yake. Propeni na buteni hazina harufu. Ule uvundo tunaoujua ni wa kemikali ya salfa iitwayo ethaili mekaptani, inayoongezwa ili mtu anuse gesi ikiwa bado iko chini sana ya kiwango cha kuwaka. Ila pua huzoea baada ya dakika chache. Mwenye mafua hasikii kitu. Na pale soko la Mwaloni Kirumba, katikati ya magunia ya dagaa, hakuna pua ya kutegemewa. Mwanafunzi azoeshwe kuinama anapoingia mlangoni, maana harufu huwa kwenye vifundo vya miguu kabla haijafika usoni.

Kipimo cha gesi kina mtego wake pia. Vipimo vingi vimesahihishwa, yaani vimewekwa visome sawasawa, kwa metheni. Ukikipeleka hicho kwenye propeni, kitaonyesha pungufu: kinaposoma asilimia 10 ya kiwango cha kuwaka, hali halisi inaweza kukaribia 20. Kikisoma 10 simamisha kazi, kikisoma 20 toka, na hayo ni kwa kipimo kilichosahihishwa kwa gesi unayoipima. Kabla ya kila kazi kipulizie gesi ya majaribio uone kama kinaitikia. Na kishikwe chini. Kengele ya gesi inayofungwa ukutani kwa ajili ya gesi asilia hukaa karibu na dari. Ya gesi ya mtungi hukaa sentimita 15 hadi 30 kutoka sakafuni. Ukiikuta juu ya kabati la vyombo, aliyeifunga alifuata mazoea ya Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye miamba. Mabatini, Igogo, Isamilo na mitaa mingine ya Mwanza imepanda juu ya majabali, nyumba moja juu ya nyingine, ua wa huyu ukiwa usawa wa paa la yule. Mtungi ukivuja nyumba ya juu, gesi haibaki kwa mwenye mtungi. Hutoka mlangoni, hushuka ngazi za mawe, hupita upenyo kati ya jabali na ukuta, ikamkuta jirani wa chini amewasha jiko la mkaa. Moto huanzia kwake, kisha hurudi juu kwa njia ileile gesi iliyoshukia. Saa mbaya ni jioni: kila ua unapika, upepo umetulia. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu na husaidia kuitawanya gesi. Usiku hugeuka ukashuka kuelekea ziwani, na hapo upepo na mteremko vinakuwa upande mmoja.

Kwa sababu hiyo mafundi wanaoitikia wito wa mvujo Mwanza wawe wawili, na wajifunze kugawana kazi kabla hawajafika. Pikipiki izimwe mbali, upande wa juu wa mteremko na unakotoka upepo, na simu ziachwe hapo. Mmoja anashuka moja kwa moja kwa majirani wa chini: majiko yazimwe, watu wapande kando, wala si kukimbilia bondeni. Kama harufu imeshafika kwa jirani, hakuna tena kugusa jiko, watu waondoke tu. Mwingine anafunga valvu ya mtungi ikiwa inafikika kwa usalama, kisha anafungua milango. Dirisha peke yake halitoshi, kwa kuwa gesi iko chini ya kizingiti chake. Swichi isiguswe, hata ya kuzima; cheche hutokea pande zote mbili. Umeme ukatwe nje, mahali gesi haijafika, au uachwe ulivyo. Baada ya hapo hukaguliwa chemba, mtaro, shimo la maji machafu na kila pembe iliyo chini ya mtungi. Asiingie mtu kwenye chemba hata kama moto haupo, kwa kuwa gesi iliyotua humo imeisukuma hewa nje. Namba ya Zimamoto ni 114, na huwa tunasisitiza ipigwe mwanzoni, maana watu wengi huipiga wakati bati limeshaanza kukunjamana.

Mafunzo mengi huwalenga wachomeleaji na wafunga mabomba, watu wa maana sana. Lakini anayeunganisha regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya mtungi, katika nyumba nyingi za Mwanza ni kijana wa bodaboda aliyeleta mtungi, na kazi yake anaimaliza chini ya dakika mbili. Kwangu mimi huyo ndiye wa kufundishwa kwanza, na somo lake halizidi asubuhi moja. Mtungi usafiri umesimama: ukilazwa, kimiminika hufika kwenye valvu, na lita moja ya kimiminika kinachotoka hugeuka lita 250 hivi za gesi, tena kwa baridi inayounguza ngozi. Afike, azime kila moto uliomo jikoni. Aondoe sili, aangalie ndani ya mdomo wa valvu kale kapete keusi ka mpira. Kakiwa kamepasuka, kamekauka au hakapo, regyuleta itakaa vizuri na gesi itavuja pembeni yake. Mitungi mikubwa yenye kiungo cha kukaza kwa spana ina uzi wa kushoto, unakazwa kinyume na ulivyozoea. Anayeulazimisha hula shaba, na shaba iliyoliwa haitazibwa na utepe wowote. Mpira ukaguliwe tarehe iliyochapwa juu yake, ukunjwe kwa vidole kutafuta nyufa, na ushikwe kwa klipu pande zote mbili.

Kisha povu. Kijiko cha sabuni ya maji kwa kikombe cha maji, sponji, basi. Sabuni yenye dawa ya kung'arishia nguo isitumike, kwa sababu inakula shaba. Paka kwenye valvu, kwenye regyuleta na kwenye ncha zote za mpira, halafu subiri. Mvujo mdogo haurushi mapovu makubwa. Hutoa kichuguu cheupe cha povu laini kinachokua polepole kwa nusu dakika, na anayeharakisha hukikosa.

Kwa mfumo wenye bomba la ukutani povu halitoshi. Hapo kinatakiwa kipimo cha maji, ambacho fundi anaweza kujitengenezea: mpira angavu wa mita moja na nusu, umekunjwa kama herufi U kwenye ubao wenye rula, umetiwa maji mpaka nusu. Presha ya jiko la nyumbani baada ya regyuleta ni karibu milibar 30, ambayo kwenye ubao huonekana kama tofauti ya sentimita 30 kati ya mkono mmoja na mwingine. Majiko yakiwa yamefungwa hupita hapo kidogo, si tatizo. Upimaji una hatua mbili, na ya kwanza ndiyo inayorukwa. Funga mtungi, punguza presha ya bomba mpaka sentimita 10, tazama. Maji yakianza kupanda, valvu ya mtungi inapitisha, na kipimo chochote kitakachofuata ni uongo: mtungi utakuwa unajaza kimyakimya kile kinachovuja. Maji yakitulia, fungua mtungi upandishe presha, funga, subiri dakika 5 bomba litulie, weka alama, kisha utazame dakika kadhaa nyingine. Yakishuka, kuna mvujo.

Jua nalo hudanganya. Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo wa karibu milibar 885. Kwa hali hiyo, bomba likipanda joto kwa nyuzi 1 tu, maji kwenye ubao hupanda karibu sentimita 3. Bomba lililopita kwenye ukuta wa bati saa nne asubuhi linaweza kuvuja huku kipimo kikisema salama. Wingu likipita, bomba zima linaonekana limetoboka. Pima alfajiri, au funika bomba kwa gunia.

Serikali imezielekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, kwa hiyo shule nyingi sasa zina majiko makubwa ya gesi. Kosa tunaloliona zaidi huko ni mitungi michache. Jiko la kilowati 13 hula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Majiko matatu ni kilo 3, na mtungi mmoja wa kilo 38 hauwezi kutoa mvuke zaidi ya kilo 1 hivi kwa saa bila kupoa. Ukizidishiwa, tazama ubavuni: kwanza jasho, kisha ukungu mweupe, kisha barafu, ikiishia kwenye mstari ulionyooka kabisa. Mstari huo ni kina cha kimiminika kilichobaki ndani. Moto wa jiko unalegea, mpishi anasema gesi imeisha, mtungi unarudishwa dukani ukiwa na nusu yake. Au, vibaya zaidi, anauwekea makaa chini uamke. Tiba ni kuunganisha mitungi minne au zaidi kwenye bomba moja, nje ya jengo, juu ya sakafu isiyo na shimo, yenye matundu ya hewa usawa wa chini, na mbali na chemba; sisi hufundisha isipungue mita 3.

Gesi ikiwa inawaka na valvu haifungiki, usiuzime moto. Moto huo unaonekana na unakaa mahali pamoja; ukiuzima, gesi itaendelea kutoka bila kuonekana na itawaka upya mahali usipopachagua. Poza mtungi kwa maji kutoka mbali, ondoa watu, subiri Zimamoto.

Limebaki ziwa. Mitungi huvushwa kwenda Ukerewe, Kome na visiwa vingine, mara nyingi kwa mitumbwi ya injini. Hakuna mahali pabaya zaidi pa gesi nzito kuliko ndani ya mtumbwi, kwa sababu ni bakuli lisilo na tundu chini, na injini ya kuwashwa kwa kamba iko nyuma yake. Mitungi ipangwe imesimama na kufungwa kamba, valvu zikiwa na vifuniko, mbali na injini na mapipa ya petroli. Kabla ya kuvuta kamba, mtu ainame kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya mtumbwi, na kunusa, au ashushe kipimo humo. Gesi ikiwepo, abiria washuke, mtungi unaovuja utolewe, na ngama ichotwe kwa ndoo ya plastiki polepole, ndoo ikimwagwa nje upande unakoelekea upepo, hata kama inaonekana tupu. Ichotwe hivyo mara kadhaa, inuswe tena, ndipo injini iwashwe.