Je, wajua kwa nini magitaa ya roki ya leo yananguruma chini kiasi kile?

Gitaa la umeme la kawaida, uzi wake mnene kuliko wote hukazwa kwenye noti ya E, yaani hutetema mara 82 hivi kwa sekunde. Sasa wasikilize Korn, kundi la California lililotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1994: magitaa yao yana nyuzi saba, na ule wa chini kabisa hutetema mara 55 tu. Metallica, kundi la metali (roki nzito), kwenye "Sad But True" (1991) wameshusha nyuzi zote toni nzima, yaani nusu toni mbili; nusu toni ni hatua ya freti moja, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa. Foo Fighters, ambao si watu wa metali hata kidogo, wameshusha uzi mmoja hadi D kwenye "Everlong" (1997). Tabia hii imetoka wapi?

Sehemu kubwa ya jibu iko Birmingham, Uingereza, ndani ya kiwanda cha bati. Mwaka 1965 Tony Iommi, kijana wa miaka 17 ambaye baadaye angekuwa mpiga gitaa wa kundi la Black Sabbath, alikuwa kwenye siku yake ya mwisho kazini kabla ya kwenda kupiga muziki. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Kwa wapigaji wengi mkono huo ni wa kucharaza tu, lakini Iommi hutumia shoto, kwa hiyo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Aliyeyusha plastiki ya chupa ya sabuni ya vyombo, akatengeneza vikofia vya kuvisha vidole, akabandika ngozi juu yake ili vishike. Vilifanya kazi, ila kidole kilichovikwa plastiki hakiuhisi uzi, na asiyehisi hubana kwa nguvu kupita inavyohitajika. Akahamia nyuzi nyembamba, nyingine za banjo. Baadaye akazilegeza.

Hapo kwenye "baadaye" ndipo wengi wanapochanganya. Albamu mbili za kwanza za Black Sabbath, zote za 1970, zilipigwa kwa ukazaji wa kawaida. Utisho wa wimbo uliobeba jina la bendi unatokana na noti tatu tu: G, G ya juu yake, kisha C#, iliyo nusu toni sita kutoka G, umbali ambao sikio linaona haujatulia popote. (Ile hadithi kwamba Kanisa liliwahi kuupiga marufuku umbali huo haina ushahidi, ingawa wauza kaseti waliipenda.) Kulegeza kulisikika kwenye albamu ya tatu, Master of Reality ya 1971. Katika "Children of the Grave" na "Into the Void" gitaa limeshuka nusu toni tatu, E imekuwa C#, mitetemo 69 kwa sekunde, na Geezer Butler, mpiga besi wa kundi hilo, ameshusha besi lake vilevile.

Nusu toni tatu zinasikika kama kitu kidogo, lakini mvuto wa uzi hufuata kipeo cha pili cha mitetemo yake. Ukishuka kutoka 82 hadi 69, mvuto unapungua kwa karibu asilimia 29. Vidole vinapumua, na uzi unajikunja kirahisi. Kushusha uzi mmoja kulikuwapo zamani kwa wapigaji wa klasiki na bluzi. Jipya lilikuwa kushusha gitaa zima kiasi hicho kisha kulipitisha kwenye amplifaya iliyosukumwa hadi sauti inakwaruza.

Mkwaruzo huo ndio unaoeleza kwa nini wengine wote waliiga. Amplifaya ikizidiwa hukata vilele vya mawimbi, na noti mbili zikipita humo pamoja huzaa nyingine ambazo hakuna aliyezipiga: jumla yao na tofauti yao. Piga A ya 110 na E ya 165. Tofauti ni 55, ambayo ni A nyingine, oktavu moja chini (nusu ya mitetemo). Jumla ni 275, karibu kabisa na C#, noti ambayo ingekamilisha kodi (noti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja). Mpigaji ameweka vidole viwili, msikilizaji anapata noti nne, zote zinapatana. Sasa ongeza ile C# kwa kidole, 138.6: tofauti zinakuwa 28.6 na 26.4, mbili zinazokaribiana mno, zikipigana chini kule kama uji unaochemka. Ndiyo maana roki nzito imejengwa kwa noti mbilimbili, na ndiyo maana makundi ya roki ya Seattle, Marekani, kama Soundgarden yalipenda kushusha uzi mnene pekee hadi D: noti hizo mbili hubanwa kwa kidole kimoja kilicholazwa, nacho kinaweza kukimbia.

Mwenye gitaa nyumbani akitaka kwenda C# asilegeze tu akaondoka. Seti ya nyuzi zenye unene wa 10 hadi 46, vipimo vya elfu ya inchi, ikishushwa kiasi hicho inapwaya: uzi unagonga freti, na ukiucharaza kwa nguvu unaanza juu ya noti kisha unashuka. Ili mvuto ubaki uleule unene uongezeke kwa karibu asilimia 19, yaani seti ya 12 hadi 56 hivi. Nyuzi nene hukwama kwenye mifereji ya kile kipande cha juu shingoni. Ukisikia "tik" unapokaza, mfereji upanuliwe kidogo kwa tupa. Anayebaki na nyuzi nyembamba shida yake ni nyingine: shingo inarudi nyuma kwa kukosa mvuto, na fimbo ya chuma iliyo ndani yake ilegezwe robo mzunguko, isubiriwe, ipimwe tena. Mwisho linganisha noti ya freti ya 12 na oktavu ya uzi mtupu. Ikiwa juu, kiti cha uzi (kipande kinachoushikilia upande wa mwili wa gitaa) kisogezwe nyuma, mbali na shingo.

Studio nayo ina mambo yake. Gitaa likishuka hadi 69 au 55 linaingia eneo la besi na dramu kubwa, kila kitu kinakuwa tope. Kwa hiyo mafundi mitambo wengi hukata sauti za gitaa zilizo chini ya mitetemo 80 hadi 100 na kuliachia besi kazi hiyo, maana uzito mwingi unaodhani ni wa gitaa ni besi lililolala chini yake. Spika ya simu haiwezi kutoa mitetemo 69 kabisa, lakini unaisikia: mkwaruzo umeacha 138, 207 na 276, na ubongo unaijaza noti iliyokosekana wenyewe.