"Jifunze ufundi, uuweke": methali ya Kitaliano inavyosomwa vibaya

Methali yenyewe ni fupi na ina vina: *Impara l'arte e mettila da parte*. Wasisili, watu wa kisiwa cha Sicily huko Italia, nao wana yao, *'mpara l'arti e mettila di parti*. Neno kwa neno ni "jifunze arte, kisha iweke kando", na hapo ndipo wengi wanapopotea.

Dhana: Inawasifu wachoraji na wanamuziki.

Leo *arte* husomwa kama sanaa. Lakini katika mji wa Florence, Italia, karne ya 14, *arte* ilikuwa kazi ya kumpatia mtu riziki, na pia chama cha wenye kazi hiyo. Vyama vilikuwa 21: wenye biashara ya sufu, wanasheria, wachinjaji, waoka mikate, washona viatu. Wachoraji hawakuwa hata na chama chao. Waliandikishwa pamoja na madaktari na wauza dawa, ambao ndio waliowauzia rangi.

Dhana: "Iweke kando" maana yake achana nayo.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inaipindua methali nzima. Mtaliano akisema leo ameweka fedha *da parte*, hajazitupa, ameziweka akiba. Basi ufundi nao huwekwa hivyo hivyo, hata kama huna kazi nao leo. Watu hupenda kuilinganisha na "elimu ni ufunguo wa maisha", lakini mimi naona "ujuzi hauzeeki" ndiyo ndugu yake hasa.

Dhana: Inazungumzia shule.

Italia ilipoungana mwaka 1861, takriban watu watatu kati ya wanne hawakujua kusoma. Methali hii ilikuwa ya mwanagenzi anayefagia karakana huku jicho likiwa kwenye mikono ya fundi wake.

Dhana: Ukishajua kazi, neema inakuja yenyewe.

Hapa hata wanaoipenda methali huteleza. Mtazame Filippo Brunelleschi, mjenzi mashuhuri wa Florence. Alisomea usonara, akaandikishwa katika chama cha hariri, ndicho kilichowachukua masonara. Miaka mingi baadaye, kuanzia 1420, ndiye aliyesimamia ujenzi wa kuba la kanisa kuu la Florence bila kulishikiza kwa jukwaa la mbao kutoka chini. Akiba yake ilikuwa imezaa. Lakini mwaka 1434, kuba likikaribia kwisha, chama cha waashi na maseremala kilimfanya atiwe ndani, kwa sababu hakuwa amelipa ada yao. Alikaa huko siku kadhaa ndipo akaachiwa. Kujua alijua kuliko wote. Kibali cha kufanya kazi kilikuwa mkononi mwa wengine.

Huko Murano, kisiwa kilicho karibu na mji wa Venice, mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1291 Venice iliamuru tanuri za vioo zihamishiwe kisiwa hicho, kwa kuogopa moto. Mafundi wake waliheshimiwa mno, hata binti zao waliolewa na watu wa nasaba bora. Ila sheria iliwakataza kuhama na kwenda kufanya kazi hiyo nchi nyingine. Ujuzi uliwatajirisha, na papo hapo ukawafungia kisiwani.

Bidhaa zenyewe zilisafiri bila kizuizi. Katika karne ya 19 shanga za Venice zilifika Unguja kwa majahazi na meli, zikapakiwa kwenye misafara ya bara. Zile nyekundu, samesame, zilitafutwa sana. Mnunuzi alipata shanga, namna ya kuitengeneza hakuipata.

Ufaransa iliona njia nyingine. Ilikuwa imechoka kununua vioo vya kujitazamia kutoka Venice kwa bei ya juu, ikawarubuni kwa fedha baadhi ya mafundi wa Murano watoroke. Mwaka 1665 kiwanda cha kifalme cha vioo kikaanzishwa Paris, na hao watoro wakiwa ndio mafundi wake.