Jengo Haliumizwi na Kuzama, Linaumizwa na Kuzama Upande

Dhana: Ardhi ikishuka sana, majengo yake ndiyo yaliyo hatarini zaidi.

Nyumba iliyoshuka nusu mita kwa usawa yaweza kubaki bila ufa hata mmoja. Iliyoshuka sentimita chache kona moja tu hupasuka. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza imeshuka kiasi gani, uliza pembe hii imeizidi ile kwa kiasi gani. Mwaka 1956 wahandisi Skempton na MacDonald walichunguza majengo mengi, wakaona kuta huanza kupasuka tofauti ya kushuka inapofika 1/300 ya umbali kati ya nguzo, na mifupa ya jengo huumia inapofika 1/150. Nguzo zikiachana mita 6, hizo ni sentimita 2 na sentimita 4.

Tofauti hiyo inatoka chini. Maji yaliyo kati ya chembe za udongo husaidia kubeba uzito wa juu. Yakivutwa kwa pampu za visima, mzigo wote huziangukia chembe, na udongo wa mfinyanzi hubanana. Kama tabaka la mfinyanzi ni nene upande mmoja wa nyumba na jembamba upande wa pili, kisima kilekile kitaushusha upande mmoja zaidi. Ndiyo maana ramani ya setilaiti ya jinsi ardhi inavyoshuka, hata ikionyesha milimita, haitoshi bila kuchimba na kuujua udongo wenyewe. Hili napenda lisisitizwe, maana ramani ile inapendeza macho na watu huishia hapo.

Dhana: Jengo lililosimama juu ya nguzo ndefu za chini ya ardhi halina wasiwasi.

Udongo unaoshuka huzivuta nguzo hizo chini na kuziongezea mzigo. Zikisimama imara, ardhi huliacha jengo juu, na mabomba ya maji na maji taka hukatika pale yanapoingilia. Jijini Mexico, mnara wa Malaika wa Uhuru uliozinduliwa mwaka 1910 umeongezewa ngazi 14 kwa sababu ardhi inayouzunguka imeshuka. Uholanzi kuna balaa jingine: nguzo za mbao zilizodumu karne nyingi majini huoza vichwa maji yakishuka na hewa kuzifikia.

Dhana: Tukifunga pampu, ardhi itarudi.

Hurudi kidogo tu. Mfinyanzi uliokwisha kubanana hauvimbi tena ukawa kama zamani. Tokyo ilidhibiti uvutaji na maji yakapanda tena, lakini maeneo ya mashariki yaliyoshuka zaidi ya mita 4 bado yako chini ya usawa wa bahari. Tena mfinyanzi hutoa maji polepole, hivyo kushuka huweza kuendelea miaka baada ya pampu kuzimwa. Na kisima hakihitaji kuwa jirani, kwani usawa wa maji ya ardhini hushuka hata mbali na mahali yanapovutwa.

Dhana: Ufa ni ufa.

Ufa chini ya milimita 1 kwa kawaida ni kazi ya fundi rangi. Ukizidi milimita 5, milango huanza kukwama. Ukizidi 25, jengo laweza kuyumba. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake, andika tarehe, pima upana kila mwezi kwa mwaka mzima. Unaofunguka kiangazi na kufunga masika kwa kawaida ni wa udongo wa juu kukauka na kulowa. Unaopanuka tu, bila kurudi, ndio wa kumwita mhandisi.