Manjano inatibu chunusi? Tuelewane kwanza "ushahidi" maana yake nini

Huku kwetu Mtwara ukitokwa na chunusi dawa ya kwanza haitoki duka la dawa, inatoka jikoni. Binamu yangu alikuwa na harusi ya shoga yake Mikindani, akapaka manjano na asali wiki mbili mfululizo, foronya ikawa ya njano, mama akamwambia we mtoto mto wako unanukia mchuzi. Chunusi zikapungua kweli. Akaandika kwenye grupu la familia: "manjano IMETHIBITISHWA". Sasa hilo neno ndo nataka tukae nalo kidogo.

Ushahidi kwenye mambo ya dawa sio mtu mmoja kupona, ni kulinganisha. Chunusi zina tabia ya kupanda na kushuka zenyewe, na mtu huwa anakimbilia dawa siku uso umechafuka kuliko siku zote, kwa hiyo hata asipopaka kitu kuna uwezekano mkubwa wiki mbili mbele atakuwa na nafuu. Ndo maana watafiti wanachukua makundi mawili, moja linapewa dawa yenyewe, lingine linapewa kitu kinachofanana nayo ila hakina dawa ndani (wanaita plasibo), na jaribio likiwa zuri hata anayepima hajui nani kapewa nini. Kundi la dawa likipona zaidi ya lile lingine, hapo tunaanza kuongea.

Na manjano je? Kinachoipa ile rangi kinaitwa kurkumini, na maabarani imeonekana inazuia bakteria wa chunusi, yule anaitwa Cutibacterium acnes, na inatuliza uvimbe. Ni habari njema, ila hiyo ni kwenye kisahani cha maabara jamani, sio usoni. Hata maji yanayochemka yanaua bakteria na hakuna anayenawia uso.

Kwa binadamu ushahidi ni mdogo. Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti 18 za manjano na kurkumini kwenye magonjwa mbalimbali ya ngozi, chunusi ikiwemo, wakakuta 10 zina nafuu ya maana. Sio haba, ila wenyewe wakasema bado ni mapema, zinahitajika tafiti bora zaidi. Mwaka uliofuata wanakemia wakaipitia kurkumini yenyewe, wakasema majaribio zaidi ya 120 yameshafanyika kwa magonjwa tofauti tofauti na hakuna hata moja la ule mpango wa plasibo na kufichana pande zote mbili (mgonjwa hajui, anayepima hajui) lililofanikiwa. Mimi nikisoma hivyo vitu viwili naelewa hivi: inawezekana inasaidia, haijathibitishwa. Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa.

Halafu kuna jambo watu wanaruka. Unga unaopimiwa na kijiko pale sokoni kurkumini yake ni kama asilimia 3 tu, na yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo ukisikia "utafiti umeonyesha" uliza walitumia unga au dondoo iliyotengenezwa maabara. Na uliza umechanganywa na nini, maana kuna binzari ya mchuzi ambayo ina pilipili ndani, utalia. Limau ndo usiguse kabisa, limau na jua la Mtwara vinaunguza ngozi na kuacha madoa meusi ambayo yanakaa kuliko hizo chunusi. Na mtu akikuuzia "krimu ya manjano" isiyo na lebo ogopa mkorogo, zile zenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) zinaleta chunusi zenyewe. Ukitaka kitu chenye ushahidi wa ukweli kuna dawa ya kupaka inaitwa benzoili peroksaidi, muulize mfamasia, na uipe wiki 6 mpaka 8.

Ila kama manjano unaipenda, nilimwambia binamu ajaribu njia ambayo hata watafiti wa ngozi wanaitumia: paka shavu moja tu, lingine liache, piga picha kila Jumapili mahali pamoja, mwanga uleule. Akakubali, akaanza na la kushoto. Wiki ya pili kaacha, anasema kila akipanda bajaji anaulizwa kama anaumwa manjano ya upande mmoja.