Kunyimwa Nyumba Uingereza: Ukaguzi wa Uhamiaji, Ubaguzi na Kubana Matumizi

Malalamiko ya wapangaji wanaokataliwa nyumba yamezidi kutufikia, na wengi wanaolalamika huamini kwamba wameangukia mwenye nyumba mbaya. Huenda ni kweli, lakini kitengo chetu cha ushauri wa kisheria kinaona ni vyema umma ufahamu kwamba tatizo hilo limejengwa ndani ya sheria yenyewe.

Tangu tarehe 1 Februari 2016, kila anayepangisha nyumba England, si Scotland wala Wales, hulazimika kukagua hadhi ya uhamiaji ya kila mtu mzima atakayeishi humo. Akimpangisha asiyeruhusiwa bila kukagua, anaweza kutozwa hadi pauni 10,000 kwa kila mtu, na hadi pauni 20,000 akirudia. Anayepangisha chumba katika nyumba anayoishi mwenyewe hutozwa hadi pauni 5,000, na 10,000 akirudia. Viwango hivi vilianza tarehe 13 Februari 2024. Anayepangisha huku akijua anaweza kufungwa.

Sasa wakija waombaji wawili kwa wakala, mmoja akatoa pasipoti ya Uingereza na mwingine, ambaye ni mhamiaji, akatoa nambari ya kuthibitisha kibali chake inayoanza na herufi R, ambayo sharti ihakikiwe kwenye tovuti ya serikali, uhakiki huo ni wa dakika chache tu, lakini hofu ya faini humfanya wakala amchague wa kwanza. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mpango huu unasababisha ubaguzi; mwaka 2020 Mahakama ya Rufani nayo ilikubali, ila ikaona ubaguzi huo unahalalishwa na malengo ya sheria. Msomaji na apime mwenyewe.

Kashfa ya Windrush iliyofichuka mwaka 2018 ilionyesha kwamba hata wakaazi halali waliotoka Karibiani wakiwa watoto walipoteza kazi, nyumba na matibabu kwa kukosa karatasi tu.

Hapo ndipo kubana matumizi kwa serikali kunapoongeza uzito. Tangu Aprili 2013, msaada wa kisheria wa serikali uliondolewa katika mashauri mengi ya uhamiaji yasiyohusu hifadhi, hivyo asiye na fedha za wakili hubaki bila karatasi. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili inayoomba kibali cha miezi 30 hudaiwa pauni 9,055 za tozo ya afya pekee, yaani malipo ya mhamiaji kwa ajili ya huduma za afya za umma, mbali na ada ya maombi, ingawa wazazi hao hukatwa kodi kama wengine. Halmashauri nazo, zilizopunguziwa ruzuku tangu 2010, zinawajibika kwa watoto wenye uhitaji chini ya kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989, hata kama kibali cha mzazi kina sharti linalomzuia kupata fedha za umma. Mfuko ukiwa mtupu, maswali mlangoni huwa mengi.

Tumelieleza hili mara nyingi, na tunalirudia: shule ya serikali na daktari wa NHS (huduma ya afya ya taifa) si "fedha za umma" kwa maana ya sharti hilo. Wanaomwacha mtoto nyumbani kwa kuogopa kufutiwa kibali wanamuumiza bure. Kinachozuiwa ni ruzuku kama Universal Credit (fedha za serikali kwa wenye kipato kidogo) na nyumba za halmashauri, na mwenye kibali cha familia aliyefikia ufukara anaweza kuomba sharti liondolewe, bila ada.

Aliyekataliwa nyumba kwa sababu ya rangi, uraia au asili yake analindwa na Sheria ya Usawa ya 2010. Ahifadhi tangazo, ujumbe na tarehe, kisha afungue shauri katika mahakama ya kaunti ndani ya miezi 6 kasoro siku moja. Msaada wa kisheria kwa mashauri ya ubaguzi bado upo, kwa kuzingatia kipato cha mwombaji.