Mgagani, mlenda na mnavu: maswali na majibu kuhusu mboga za porini

Mvua za Oktoba na Novemba zikishika, wiki mbili tatu baadaye mashamba ya Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema, mkoani Mwanza, hujaa mboga ambazo hakuna aliyezipanda. Ni chakula kizuri, tena cha bure. Makosa makubwa hufanyika huko huko shambani, kabla chungu hakijainjikwa, kwa hiyo tunaanza na uchumaji.

Nitaitambuaje mboga bila kuichanganya na mmea wenye sumu?

Tazama mmea mzima, si jani peke yake. Mgagani una vijani vitano kwa kawaida kwenye kikonyo kimoja, vimepangika kama vidole vya kiganja. Shina lina vinyweleo vinavyonata, na harufu yake hubaki mkononi. Chuma ncha changa kabla viganda vyake virefu vyembamba havijatoka. Baada ya hapo uchungu huzidi. Mnavu una ua dogo jeupe lenye kitovu cha njano na vitunda vya mviringo vinavyoning'inia kwa kishada. Vitunda vikiwa vya kijani vina sumu, vitoe vyote. Kwenye mlenda ondoa viganda vya mbegu, maana mbegu zake zina sumu inayosumbua moyo.

Wa kuogopwa hasa ni mnanaha. Huota pale pale panapopendwa na mchicha: kando ya zizi, kwenye samadi, jalalani. Jani lake ni pana, lina meno makubwa yasiyolingana ukingoni, na ukiliponda linanuka vibaya. Ukikomaa hutoa ua refu jeupe mfano wa tarumbeta na tunda la miiba lenye ukubwa wa ndimu. Hatari ni mche wake ukiwa bado mchanga, umejificha katikati ya mchicha. Ndiyo maana hatushauri kukata mboga kwa mundu, fungu kwa fungu. Chuma shina moja moja huku ukilitazama, na usiloliamini liache. Kuchemsha hakuondoi sumu ya mnanaha.

Dalili za sumu hiyo ni zipi, na nifanye nini?

Mdomo hukauka, mboni za macho hutanuka, moyo huenda mbio, ngozi huwa nyekundu na ya moto, mkojo hukataa kutoka, kisha mtu huweweseka na kuona visivyokuwepo. Zinaweza kuanza ndani ya saa moja au zaidi kidogo. Wengine hudhani ni malaria imepanda kichwani, au amerogwa, na muda unapotea. Usimtapishe kwa nguvu, wala usimpe maziwa akiwa amechanganyikiwa, atapaliwa. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na mboga iliyobaki, mbichi na iliyopikwa, ili mganga aione. Wote waliokula sufuria hiyo waangaliwe, hata aliyeonja tu.

Ni wapi nisichume kabisa?

Kwenye shamba la pamba mara dawa ya funza wa vitumba inapoanza kupulizwa. Muda wa kusubiri ulioandikwa kwenye kopo umepimwa kwa pamba, haukupimwa kwa mgagani unaoota chini yake. Usichume karibu na makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, au marundo ya marudio, yaani mchanga unaobaki dhahabu ikishatolewa, kwa sababu zebaki huwa kwenye udongo na vumbi lake, na hakuna kuosha wala kuchemsha kutakakoiondoa iliyokwisha kuingia kwenye jani. Mjini Mwanza, epuka kingo za Mto Mirongo na mitaro inayopokea majitaka, hata mchicha wake uwe umenawiri namna gani.

Naishi ufukweni. Je, naweza kuosha mboga ziwani?

Hapana, na kwa sababu mbili. Ukisimama kwenye maji ya kina kifupi penye matete na konokono, vijidudu vya kichocho huingia kupitia ngozi ya miguu na mikono. Dakika chache zinatosha. Pili, maji hayo hubeba kipindupindu na homa ya matumbo. Moto utasafisha mboga yenyewe, lakini beseni, kisu na mikono hupeleka uchafu kwenye kachumbari na tunda la mtoto. Teka maji kwenye ndoo bila kuingia ziwani, yachemshe au yatie dawa ya kutibu maji, kisha osha mara tatu kabla ya kukata. Ukikata kwanza ndipo uoshe, vitamini zinaondoka na maji.

Mgagani wangu huwa mchungu. Nimwage maji mara ngapi?

Mara moja. Wapo wanaomwaga mara tatu, na kila mara foleti na vitamini C huenda nayo. Kwa watu 5 chukua majani nusu kilo yaliyochambuliwa, chemsha dakika 10 hadi 15, chuja. Uchungu uliobaki utulize kwa kikombe cha maziwa mgando au unga wa karanga kikombe 1. Karanga ikoroge kwanza kwa maji ya uvuguvugu iwe uji usio na mabonge, mimina kwenye kitunguu 1 na nyanya 2 zilizoiva, acha moto mdogo dakika 10 ukikoroga hadi chini, kwani hushika na kuungua haraka. Tia mboga, dakika 5, epua. Mafuta ya karanga ndiyo yanayousaidia mwili kupokea vitamini A ya majani. Karanga zenye ukungu au zilizosinyaa zitupe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa moto, na huharibu ini.

Mlenda bila magadi si mlenda. Kuna ubaya?

Ukizidisha, upo. Magadi huua vitamini C na B1, yana chumvichumvi isiyomfaa mwenye presha, na mengi yana floridi inayoyatia madoa ya kahawia meno ya watoto yanapokua. Tumia chini ya robo kijiko cha chai kwa sufuria ya watu 5, au acha kabisa: tia bamia mbili, ute utapatikana.

Mboga hizi zinaongeza damu?

Zina madini ya chuma, ila mwili huyapokea kidogo. Kamulia limau mezani, na chai isubiri saa moja baada ya kula kwa sababu huzuia madini hayo. Mjamzito aendelee na vidonge vya kliniki. Mgagani hauchukui nafasi yake.

Nsansa, yaani mboga ya majani ya kukausha, ikaushwe vipi isipoteze nguvu?

Kwanza tumbukiza majani kwenye maji yanayochemka dakika 2 au 3, chuja. Majabali yetu yanashawishi, jiwe lina moto na mboga hukauka kwa siku moja, lakini jua kali huchoma vitamini A. Tandaza kivulini penye upepo, juu ya kichanja au wavu safi, geuza mara mbili kwa siku. Iko tayari jani linapovunjika kwa sauti kati ya vidole. Likipinda tu, rudisha kichanjani, maana likiingia kwenye chungu cha kuhifadhia hivyo litaota ukungu.